Upande wa Mlima

Mwau alikuwa amepiga magoti katikati ya ukumbi, kisu mkono mmoja na mshumaa mkono wa pili, akikwangua nta idondoke sakafuni. Sakafu ya simiti ni kaidi. Usipoipaka nta, kiatu kinagoma kuteleza na goti ndilo linalolipia. Hivyo ndivyo Mzee Kitonga alivyomkuta alipoingia bila kubisha, na hakuhitaji kubisha, kwa sababu jengo lilikuwa lake kuanzia duka la madawa ya mifugo pale chini mpaka mabati ya juu.

"Naona tumekukuta ukiomba, Mwalimu," Kitonga alisema.

"Napaka nta, mzee."

"Ndiyo. Ningeshangaa."

Nyuma yake alisimama Kimeu, mweka hazina wa kanisa, akihema kwa sababu ya ngazi. Kitonga alikuwa mzee wa kanisa hilohilo, na watu hawa wawili walipotembea pamoja mjini Emali katikati ya juma, wenye baa walishusha muziki kidogo hata kama hawakuulizwa. Mbula, mke wa Mwau, alikuwa dirishani na cherehani yake akipinda gauni la arusi la mteja. Aliwasalimu kwa heshima, kisha akaendelea kushona polepole, kwa namna ya mtu anayetaka kusikia.

"Mwalimu, kodi yako imefika," Kitonga alianza. "Sijaja kwa kodi."

"Asante, mzee."

"Usishukuru kabla hujasikia. Kimeu, sema."

Kimeu alipanguza uso. "Jumamosi kuna watu wetu walikuwa hoteli ya ng'ambo wakinywa chai. Hili dirisha lako halina pazia. Wakaona binti ya shemasi ameshikwa mgongo."

"Na nani?" Mbula aliuliza.

"Na mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Mchumba wake," Kimeu alikubali. "Lakini ukiwa ng'ambo ya barabara huwezi kujua."

"Mgongo ni mfupa," Mwau alisema, akiinuka na kukung'uta magoti. "Mimi huwafundisha washike mfupa, siyo nyama."

Kitonga hakucheka. Alisema kwamba akina mama wa kanisa walikuwa wanatafuta ukumbi wa vikao vyao, na yeye hangeweza kuwa mzee wa kanisa huku nyumba aliyoijenga kwa machungwa ya Mbooni ikifanyiwa mambo ya kushikana. Mwalimu atafute pengine. Mwisho wa mwezi.

Mwau aliitazama sakafu. Kabla ya ukumbi huu alikuwa amefundisha nyuma ya kinu cha posho, ambako wanafunzi walirudi nyumbani weupe kama mizuka, na kabla ya hapo katika shule ya chekechea ambako viti vilimfika magotini. Emali ina vyumba vingi, lakini sakafu iliyonyooka, yenye nafasi ya watu wawili kuzunguka bila kugonga gunia la mahindi, ilikuwa moja tu. Hapa ndipo alipoandika jina lake ukutani kwa rangi: MWALIMU MWAU, DANSI ZA HESHIMA. Na mwalimu wa dansi asiye na sakafu ni mtu tu mwenye viatu vizuri.

"Baba Sandra," Mbula alimwita Kitonga bila kuinua kichwa. "Na ile dansi ya wazazi?"

Kitonga alikohoa.

"Dansi gani?" Kimeu aliuliza.

Ilibidi ielezwe. Sandra, kitindamimba wa Kitonga, alikuwa anaolewa na kijana wa Ndegwa, yule Mkikuyu mwenye duka la vyuma karibu na stesheni. Katika kundi la arusi la simu, Sandra alikuwa ameandika kwamba sherehe itafunguliwa na wazazi wa pande zote mbili pamoja na wasimamizi, wakicheza wolzi, ile dansi ya hesabu ya moja-mbili-tatu. Siku hiyohiyo Waruguru, mama wa bwana arusi, alijibu kwa kutuma video: yeye na Ndegwa wakizunguka sebuleni kwao, wakikwepa meza. Kimeu hakuwa na habari kwa sababu simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, ingawa yeye na mkewe Kasiva walikuwa miongoni mwa wasimamizi.

"Ile video niliiona," Mbula alisema. "Wanajua kidogo."

"Kidogo tu?" Kitonga aliuliza kwa haraka iliyomponyoka.

"Kidogo. Lakini mbele ya mtu asiyejua chochote, kidogo kinaonekana kingi."

Kitonga alikwenda dirishani akatazama malori ya barabara ya Mombasa. Wakwe wangekuja kwake, nyumbani Tawa, kwenye boma lake, na wamshinde mbele ya ng'ombe wake mwenyewe. "Pasta alisema Daudi alicheza," alisema hatimaye, kama anayeliambia dirisha.

"Daudi alicheza peke yake," Kimeu alisema. "Hakumshika mtu."

"Basi tutafanya hivi. Wanaume wafundishwe siku yao na Mwalimu. Wanawake siku yao na Mama hapa. Mwanamume na mwanamke wasikutane katika chumba hiki. Siku ya arusi kila mtu atamshika mke wake wa ndoa, na hapo hakuna dhambi." Aligeuka akamnyoshea Mwau kidole. "Arusi ikipita bila aibu, utabaki. Nikiaibishwa mbele ya wakwe, hata dakika moja, shusha hicho kioo chako ukutani Jumatatu inayofuata."

Walipoondoka Mwau alimwambia mkewe, "Wewe kazi yako ni rahisi. Wanawake ni kufuata tu. Mzigo uko kwangu."

Mbula alikata uzi kwa meno. Mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka ishirini angepaswa kulisikia lile alilonyamazia.

Jumanne saa kumi na moja walifika wanaume wanne: Kitonga, Ndegwa, Kimeu, na Mutisya, mkulima wa Tawa ambaye ni binamu ya Kitonga na msimamizi pia. Mutisya alikuja na gambuti za shambani, akaombwa azivue, akafundishwa akiwa na soksi.

Mwau alisimama mbele yao akiwa amenyoosha mgongo, akaeleza kwamba wolzi huchezwa na watu wawili, mmoja akianza mbele kwa mguu wa kushoto, mwenzake akirudi nyuma kwa wa kulia. Kisha akafungua mdomo aseme neno linalofuata, ambalo kila mwalimu wa dansi hulisema: kwamba wawili kati yao wangekuwa wanawake kwa saa moja. Akawatazama. Aliona kofia ya Kitonga, fimbo ya Kitonga, mikono ya Kimeu iliyokunjwa juu ya kitambi, na shingo ya Mutisya. Akaufunga mdomo.

"Dansi hii ina pande mbili," alisema. "Kuna upande wa Mlima na upande wa Bonde. Zote ni za heshima."

Alikuwa ameupa upande wa mwanamke jina zuri makusudi. Alihesabu kwamba Mutisya, aliyekuwa mdogo wao na mwenye kiu ya vyeo, ataurukia Mlima, na Kimeu atabembelezwa, halafu wakubwa wawili, baba wa bibi arusi na baba wa bwana arusi, wabaki Bonde, ambako ndiko kwa mwanamume. Ilikuwa hesabu nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja: hakumhesabu Kitonga.

"Mimi ni mtu wa milima ya Mbooni," Kitonga alisema. "Nipe Mlima."

"Mzee, kwa kweli Bonde ndilo lina..."

"Nimesema Mlima. Bondeni kuna mbu."

"Hata Tawa iko kwenye hiyo milima," Mutisya alisema upesi. "Mimi na binamu yangu ni Mlima."

Ndegwa, aliyejua kidogo, alimtazama Mwau. Kisha akatazama dari kwa muda. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye adabu za mkwe. "Kwa mkwe wangu mimi hupisha," alisema. "Nipeni Bonde."

"Na mimi mweka hazina nikae bondeni kwa nini?" Kimeu aliuliza.

"Maji hukusanyika bondeni, mzee," Mwau alisema.

Kimeu aliifikiria hiyo, akaikubali.

Basi Kitonga akaweka mkono wa kushoto begani kwa Ndegwa, Ndegwa akamshika mfupa wa mgongo, Mwau akaanza kuhesabu. Na hapo likatokea jambo ambalo mwalimu hakulitarajia. Kitonga alirudi nyuma kama mtu aliyezaliwa akielekea huko. Wengine hupapasa kwa kisigino, hugeuza shingo, huogopa ukuta. Yeye alikwenda. Mguu ulinyooka kutoka kwenye nyonga, vidole vikagusa kwanza, mwili ukafuata bila kishindo.

"Mzee, umejifunza wapi?" Mwau aliuliza, na hakuwa anambembeleza.

"Kamba za mkonge," Kitonga alisema bila kusimama. "Ujana wangu wote nilisokota kamba. Msokotaji anatembea kinyumenyume kutoka asubuhi. Ukitazama nyuma, kamba inalegea."

Ndegwa alikuwa amefumba macho kidogo. Kimeu na Mutisya walikuwa wamekanyagana na sasa walikuwa wakijadiliana ni nani aliyeanza.

Wiki zikapita hivyo. Jumanne wanaume, Alhamisi wanawake. Mwau alijaribu mara mbili kumvuta Kitonga upande wa Bonde, "kwa mazoezi tu," na mara zote mbili Kitonga akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeomba Mlima wake. Wiki ya nne mzee alifika mapema akiwa na viatu vya ngozi vilivyobadilishwa soli. Wiki ya tano aliuliza kama ni vibaya kupiga mluzi. Kila alivyozidi kuwa mwepesi, ndivyo Mwau alivyozidi kukosa usingizi. Mtu huyu angesimama mbele ya wakwe, pasta na nusu ya Tawa, amshike mkewe, na wote wawili waondoke kinyumenyume.

Ijumaa, siku nane kabla ya arusi, alishindwa. Mbula alikuwa uani kwao, ungo mapajani, akichambua ndengu. Mwau alivuta kigoda.

"Mama, nimemfundisha Kitonga hatua za mwanamke."

Mkono wa Mbula ulisimama juu ya ungo. "Zote?"

"Zote. Na ni bora kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye." Akamweleza habari ya Mlima na Bonde, kwa sauti ndogo, akitazama kuku.

Mbula alicheka polepole kwanza, kisha ikabidi auweke ungo chini. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama kuna heri. Mbula alimwashiria kwa mkono kwamba ipo, ipo nyingi.

"Mimi sikuwa na milima," alisema alipoweza. "Alhamisi ya kwanza nilisimama nikasema, wawili watakuwa wanaume. Sikumaliza sentensi. Mama Sandra alishasimama."

"Katunge?"

"Katunge. Akasema yeye hawezi kurudi nyuma, hajawahi, hajui hata inaanzia wapi. Nimemfundisha mbele tu. Anaendesha kama tingatinga jipya. Nilimpa Waruguru, na Waruguru akaniambia ni raha, mtu halazimiki kufikiri."

Mwau alikaa akitazama ndengu. Kisha jambo lile likaingia kichwani taratibu, kama maji yanavyopata njia kwenye mtaro. Kitonga nyuma, Katunge mbele. Ndegwa mbele, Waruguru nyuma.

"Tumepona," alisema.

"Nani mwingine alikuwa mwanamume kwako?"

"Kimeu ni Bonde. Anakwenda mbele."

"Na Kasiva wake anakwenda mbele pia. Alisema akirudi nyuma kizunguzungu kinamshika. Mutisya?"

"Nyuma."

"Na Kathini wake nyuma." Mbula aliokota jiwe dogo kwenye ndengu akalitupa. "Hao wawili wabadilishane pande. Kimeu apewe Mlima, Mutisya apewe Bonde. Basi."

Lilikuwa jambo jepesi kulisema. Kimeu aliposikia kwamba amepandishwa Mlima alifurahi hadi akamnunulia Mwau soda. Mutisya ndiye aliyekuwa shida. Mwau alikwenda mpaka Tawa kwa bodaboda, akamkuta shambani akivuna mbaazi, akamweleza kwa maneno yote ya upole aliyoyajua.

"Mnanishusha," Mutisya alisema.

"Hapana, ndugu. Ni mabadiliko tu."

"Nani anachukua Mlima wangu?"

"Kimeu."

"Nilijua. Kimeu ana mkono kwenye kila kitu." Mutisya aliendelea kuchuma. "Mwambie Kitonga binamu yake atabaki alikowekwa. Ama nimpigie mwenyewe nimuulize kwa nini?"

Mwau alisema hakuna haja ya kumsumbua mzee. Alirudi Emali na mbaazi za kupewa, na ikabidi amwambie Kimeu kwamba cheo kimefutwa. Kimeu alimrudisha dukani akanunue soda nyingine, ya kwake sasa, na Mwau ndiye aliyelipa.

Arusi ilikuwa nzuri. Mahema matano, ng'ombe wawili, na mkeka mkubwa wa plastiki uliotandikwa juu ya nyasi na kupigwa vigingi pembeni. Mwau alikuwa ameukagua asubuhi akipiga magoti na suti. Yeye na Mbula waliwekwa nyuma, karibu na sufuria, meza moja na wapiga picha na dereva wa lori la viti. Kadi yao ya mezani iliandikwa "Mafundi".

Mshereheshaji alipoita wazazi na wasimamizi, Mwau aliushika mkono wa mkewe chini ya meza. Ulikuwa mkavu kabisa.

"Huogopi?"

"Kuna kitu ambacho hatujakifanya na bado kinawezekana?" Mbula alisema. "Tazama arusi."

Jozi nne zilisimama mkekani. Muziki ukaanza. Moja.

Kimeu na Kasiva walianza mbele wote wawili, wakagongana matumbo, wakarudi, wakaanza tena mbele. Hakuna aliyekuwa tayari kutoa njia. Walisukumana pale kati kama mabeberu wawili kwenye mlango mmoja, huku Kimeu akihesabu kwa sauti. Mutisya na Kathini walirudi nyuma kwa pamoja. Mikono ilinyooka, ikanyooka zaidi, ikaachana, na kila mmoja akaendelea na safari yake: Kathini akaishia mapajani mwa shangazi wa bwana arusi, Mutisya akatoka nje ya hema, akapotea, akaonekana tena upande wa tangi la maji. Vijana walikuwa wameshatoa simu. Ndegwa na Waruguru walizunguka vizuri, kama kwenye video, wakikwepa meza ambayo haikuwepo.

Lakini baada ya muda hakuna aliyekuwa akiwatazama hao. Katunge alikuwa amemshika mumewe mgongo na kuanza kwenda. Katika hatua ya kwanza macho ya Kitonga yalipanuka. Alimtazama mkewe kama mtu aliyekutana na jirani mji wa mbali. Katika hatua ya pili akaelewa kwamba kuna anayeijua njia. Ya tatu akaacha kufikiri. Alirudi nyuma, mrefu, mwepesi, kofia haitikisiki, na yule mwanamke mkubwa mwenye kitenge cha zambarau akamzungusha pembe ya mkeka, akamtoa katikati ya akina Kimeu bila kuwagusa, akampeleka mpaka mbele ya meza ya pasta na kumrudisha. Vigelegele vilianzia jikoni. Bibi mmoja wa Mbooni alisema kwa sauti kwamba hata mvua haitembei hivyo.

Muziki ulipokwisha watu walisimama. Kitonga alitoa kofia. Mwau akaanza kupumua, na akawa bado hajamaliza pumzi hiyo aliposikia Ndegwa ameshika kipaza sauti.

"Mimi nataka kumpongeza mkwe wangu," Ndegwa alisema. Alikuwa amekunywa soda tu, lakini furaha nayo ina ulevi wake. "Watu wanashangaa. Mimi sishangai. Nimecheza naye wiki sita. Kila Jumanne nilikuwa nimemshika hapa." Akaonyesha mgongoni. "Kitonga ni mwepesi. Hata Mama Waruguru hapa anajua, nilikuwa nikifika nyumbani namwambia, nimeacha mchezaji Emali."

Kukawa kimya. Kilikuwa kimya cha watu wanaopiga hesabu. Ilionekana ikipita kutoka meza hadi meza: nani alikuwa mbele, nani alikuwa nyuma, na kule Emali nani alikuwa amemshika nani. Mahali fulani Kimeu alicheka, kicheko kifupi, cha makusudi. Kofia ya Kitonga ilikuwa imesimama nusu ya njia kwenda kichwani.

"Kile kioo nianze kufungua skrubu gani," Mwau alinong'ona.

Katunge hakuchukua kipaza sauti. Hakukihitaji. "Baba Ndegwa," alisema kutoka alipokuwa, akiwa bado ameushika mkono wa mumewe. "Huyu ana mwenyewe. Tafuta wako."

Waruguru ndiye aliyeanza kucheka, kisha bibi arusi, kisha mahema yote matano. Pasta alijifunika uso kwa programu ya ibada na mabega yake yakawa yanatikisika. Kitonga hakucheka. Alivaa kofia, akaketi, akaomba maji. Hakutazama nyuma kwenye meza ya mafundi hata mara moja, na Mwau alikula pilau yake bila kujua kama ilikuwa na chumvi.

Jumatatu asubuhi Mwau alikuwa juu ya kiti na bisibisi. Alikuwa ametoa skrubu mbili za kioo aliposikia fimbo kwenye ngazi. Kitonga aliingia peke yake, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha cherehani. Mbula alimpisha akasimama kando.

"Shuka hapo," Kitonga alisema.

Mwau alishuka.

"Mlima ni upande wa nani?"

Ingewezekana kusema uongo mwingine. Mwau alikuwa na mmoja tayari, mzuri, wenye mto na daraja. Lakini alikuwa amechoka. "Wa mwanamke, mzee."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya kwanza."

"Na ukaniacha niende na viatu vya soli mpya."

"Ulikuwa unaucheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyemfundisha. Niliogopa, mzee. Halafu nikaona uchungu kukuondoa."

Kitonga aligeuza fimbo mikononi. Chini, mtu alikuwa akibishana bei ya dawa ya kupe. "Miaka thelathini na nne," alisema, "sijawahi kwenda mahali na yule mwanamke bila kubishana juu ya njia. Hata kanisani, na kanisa liko mbele ya nyumba. Jana baada ya ibada aliniambia twende uani mara moja tujaribu. Tulikwenda mara tatu." Aligonga fimbo sakafuni kana kwamba amesema mengi kuliko alivyokusudia. "Hilo si la kutangazwa."

"Hapana, mzee."

"Sasa. Kimeu anacheka. Amecheka tangu Jumamosi. Ameniuliza mbele ya mashemasi kama kanisani pia nitaketi upande wa akina mama." Kitonga aliinuka. "Jana nimewaambia wazee katika kikao kwamba hiyo ni elimu ya juu. Kwamba mbele anakwenda mtu yeyote, hata mbuzi, lakini nyuma ni mpaka ufundishwe. Nimesema kila mzee wa kanisa ajifunze Mlima kabla ya sikukuu ya mavuno. Ukumbi utabaki nao kwa masharti hayo. Wote wakiwa wanarudi nyuma, nani atanicheka?"

"Na Bonde, mzee?" Mwau aliuliza. "Nani atafundishwa Bonde?"

"Hilo muulize Mama hapa. Nimesikia Alhamisi wanawake walikuwa wanagombania kwenda mbele."

Alifungua mlango akaita chini. Hatua zilipanda polepole, zikisimama kwenye kila kona ya ngazi ili kuhema, na Kimeu akatokea, amevaa viatu vya ngozi na uso wa mtu anayelipishwa faini. Kitonga alimwashiria katikati ya sakafu, akaketi tena, mikono juu ya fimbo, tayari kutazama.

Mwau alimshika Kimeu mfupa wa mgongo. Ulikuwa ndani sana.

"Wa kulia, nyuma," alisema.

Kimeu aliangalia ukuta ulio nyuma yake, kisha mlango, kisha akamtazama mwalimu kwa jicho la mweka hazina. "Ngoja kwanza. Wewe mwenyewe, Mwalimu, umewahi kurudi nyuma?"

Mwau alivuta pumzi ajibu. Mbula alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake.

"Kila siku tangu nimwoe," alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Ila bado hajajua."

Mwau akamwachia Kimeu, akaenda kuongeza sauti ya muziki.